Kiangazi Hakimngoji Mpagazi

Mwezi Oktoba mwaka 1873 msafara wa watu waliochoka uliingia Unyanyembe, Tabora ya leo, ukiwa umebeba maiti. Maiti hiyo ilikuwa imekaushwa juani kwa majuma mawili, ikaviringishwa nguo, ikawekwa ndani ya gome la mti, na juu yake ikashonewa turubai. Ilining'inizwa kwenye mti mmoja, watu wawili wakipokezana mabega. Marehemu alikuwa David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa Zambia siku hizi. Moyo wake walikuwa wameuzika hukohuko, chini ya mti. Walioongoza msafara ni watumishi wake wawili, Abdullah Susi na James Chuma.

Tabora walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumtafuta Livingstone akidhani bado yu hai. Cameron alisikia habari, akatoa ushauri: mzikeni hapahapa, yatosha. Ukiupima kwa akili ya kawaida, ushauri huo haukuwa na kasoro. Mbele yao kulikuwa na safari ya kilomita zipatazo 800 hadi Bagamoyo, homa, njaa, hongo za kulipa kila mpaka, na vijiji ambavyo havikutaka hata kusikia habari ya maiti kupita. Walikwishaibeba kwa miezi. Wangezika, wakapumzika kwenye vivuli vya tembe za Kwihara, hapo jirani, na hakuna binadamu ambaye angewanyooshea kidole. Tena hakuna aliyekuwa amewapa amri ya kuibeba tangu mwanzo, wala aliyeahidi ujira wa kazi hiyo.

Walikataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, nao wakafunga mizigo yao wakaelekea mashariki.

Walipofika Kasekera, mambo yakagoma. Wenyeji walisema maiti haipiti. Hapo ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa unaona akili ya watu walioamua. Waliifungua maiti, wakaiondoa kwenye gome, wakaifunga upya kama robota la kawaida la nguo za biashara. Kisha wakakata mabua ya mtama yenye urefu wa mtu, wakayaviringisha nguo mpaka yakafanana na mwili unaopelekwa kaburini. Wakakunja karatasi kama barua, wakaibana kwenye ufito uliopasuliwa nchani, kama walivyofanya matarishi wa zama zile. Watu sita wakatwishwa maiti ya mabua, wakatoka kwa huzuni yote inayostahili msiba, wakielekea Unyanyembe kana kwamba wanarudi kuzika. Kijiji kikaridhika. Jua lilipotua, wale sita wakaanza kuchomoa bua mojamoja na kulitupa porini huku na huku, wakatawanya nguo, wakaruka pembeni kwenye majani marefu ili nyayo zisionekane, na usiku wakazunguka kurudi kwa wenzao. Asubuhi robota likasonga mbele pamoja na marobota mengine.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Kati ya wale waliombeba kutoka Chitambo, mmoja tu alikuwepo kushika jeneza siku ile: Jacob Wainwright, aliyekuja kufariki Urambo mwaka 1892, jirani kabisa na Tabora. Chuma na Susi hawakuwahi mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakasaidia kuandaa kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone kilichotoka mwaka huohuo.

Sasa nisieleweke vibaya. Sikuletei habari hii ili tumsifu mzungu aliyebebwa. Ninakutaka uwatazame waliobeba. Chuma alikuwa Myao; mwaka 1861, akiwa bado mtoto, alikutwa amefungwa kwenye msafara wa watumwa huko bonde la Shire, katika Malawi ya leo, akafunguliwa. Wainwright naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Hawa walikuwa watu waliojua, kwa ngozi yao wenyewe, maana ya kuishi siku zilizo mali ya mwingine. Njia yetu hii ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ilipitisha pembe za ndovu na nguo na shanga, lakini ilipitisha pia maelfu ya watu ambao maisha yao yaliibwa. Kila hatua waliyopiga ilikuwa ya mwenye mnyororo. Ukiamka leo na hakuna aliyekufunga, ukaamua mwenyewe saa mbili zijazo uzifanyie nini, una kitu ambacho watu waliopita chini ya miembe ya Tabora walikililia wasikipate.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, akiwa na miaka thelathini na kidogo tu. Katika miaka ile michache baada ya kuibeba maiti, aliongoza wapagazi wa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London uliotoka Dar es Salaam mwaka 1879. Kiongozi wa Kizungu, Keith Johnston, alifariki njiani Behobeho kabla safari haijakolea, na jukumu likamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Chuma alikuwa ndiye mzoefu. Msafara ulifika Ziwa Nyasa na Tanganyika, ukarudi pwani. Thelathini na kidogo! Wapo kati yetu wanaofika umri huo wakiwa bado wanasema maisha yao yataanza mambo yakikaa sawa.

Basi tuhesabu, na tuhesabu kama wakulima, maana miaka inadanganya. Mtu akisikia "miaka 35" anaona bahari. Tabora mvua huanza Novemba hivi na kukatika Aprili. Msimu ni mmoja kwa mwaka. Kama leo una miaka 30 na Mungu akikujalia kufika 65, umebakiza misimu 35 ya kulima. Mwenye 45 amebakiza 20. Mwenye 55 amebakiza 10, na kati ya hiyo kumi mmoja utaumwa mgongo, mwingine utauguza, mwingine mvua itagoma. Misimu kumi unaweza kuihesabu kwa vidole vya mikono yako huku unakunywa chai. Panda mti wa mwembe leo ukiwa na 55, utaula. Upande ukiwa na 65, watakula wengine, nayo si vibaya, lakini ujue hivyo.

Wanyamwezi waliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Biashara ya misafara haikufanywa ovyo ovyo. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi kikishakausha mito na tope la njiani, vijana walijitwisha mizigo na kushuka pwani. Kwa kijana wa Unyamwezi kufika pwani lilikuwa jambo la kumfanya aitwe mwanaume. Wanawake pia walikuwemo kwenye misafara, na waliobaki nyumbani ndio walioshikilia mashamba. Hesabu ya safari ilifungwa na mvua: uende, uuze, urudi kabla jembe halijahitajika. Aliyechelewa kuondoka alijikuta ama anakwama njiani kwenye mafuriko, ama anarudi kukuta wenzake wameshapalilia. Hakuna aliyeilaumu mvua. Kiangazi kilikuwa na mwisho, basi.

Angalia pia siku yao moja. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele na bendera, ngoma ikipigwa, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Walitembea kwa saa nne, tano, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamekwishafika kambini. Baada ya hapo ilikuwa kuni, maji, kupika, kurekebisha kamba, soga na ngoma. Wasafiri wa Kizungu waliandika mara nyingi wakilalamika kwamba wapagazi wanasimama mapema mno. Lakini ni mwendo huo "wa kivivu" uliovusha bara mizigo yote ile, mwaka baada ya mwaka, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Siku ya mtu ina saa chache tu zenye nguvu ya kweli, na wapagazi walizitoa zote kwa kazi moja, kabla ya kitu kingine chochote. Sisi saa zetu za alfajiri tunampa nani? Tunaamka, mkono unapapasa simu kabla jicho halijafunguka vizuri, na saa nzima inakwenda kwenye status za watu ambao hata hatuwapendi sana.

Nimesema simu, na nisiishie kulalamika kama mzee wa kijiweni. Simu ni chombo kizuri. Soko la asali la leo liko kwenye simu. Ila fanya hesabu hii ndogo. Saa mbili kwa siku za kuperuzi bila shabaha ni saa 730 kwa mwaka. Zigawanye kwa saa nane za kazi, unapata siku 91. Hiyo ni nusu ya kiangazi. Ni muda ambao ungemtosha mpagazi wa Unyamwezi kupeleka pembe Bagamoyo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyekuwa na haraka na fedha ya gazeti mfukoni, alitumia karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Leo unapanda basi Dar es Salaam alfajiri, usiku uko Tabora unaagiza chipsi kuku. Babu zetu walilipa miezi, sisi tunalipa siku moja. Ile miezi iliyobaki tulipewa bure. Iko wapi? Swali hili nimewahi kuwauliza vijana na wazee, na jibu la kawaida ni kucheka.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, wala si uvivu. Watu wa nchi hii wanafanya kazi. Nenda sokoni asubuhi ukaone. Tatizo letu ni kungoja. Tunangoja ajira itangazwe. Tunangoja mtaji ukamilike. Tunangoja watoto wakue, nyumba iishe, mjomba aliyeko wizarani apande cheo, uchaguzi upite. Kijana amemaliza chuo mwaka wa tatu huu, yupo nyumbani, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na kila ukimuuliza anasema, "Nasikilizia." Anasikilizia nini? Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana: subira yavuta heri, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Sisi tumeshika ya kwanza kwa sababu inatubembeleza.

Na Tabora, jamani, inaijua habari ya kungoja kuliko mji wowote. Hapa ndipo misafara ilipokaa miezi ikisubiri wapagazi wapya, njia zifunguke, vita viishe. Kati ya 1871 na 1875 Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe walipigana, na njia ya Ujiji ikawa inafungwa na kufunguka kama mlango wa duka. Reli ilipokuja, Tabora ikawa njiapanda: abiria wa Mwanza, wa Kigoma na wa Mpanda wanateremka hapa, wanasubiri. Kwa hiyo mji huu unaweza kutufundisha kwamba kungoja kuko kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walikuwa Kazeh, yaani hapahapa Tabora, wamerudi kutoka Ujiji wakiwa hoi. Burton alibaki. Speke akasema, hapana, kuna ziwa kaskazini, nakwenda. Aliondoka Julai, tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na Mwanza (ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakilivua samaki tangu enzi na enzi, lakini tuyaache hayo), na kabla Agosti haijaisha alikuwa amesharudi Kazeh. Majuma saba hivi yakambadilishia jina lake milele. Wahamasishaji wengi wangeishia hapo na kukuambia: uwe Speke, usiwe Burton. Mimi siishii hapo. Burton aliyebaki hakulala. Alikaa na akina Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa mwenyeji wao, akauliza, akaandika maneno ya lugha, bei za bidhaa, desturi za njia, namna misafara inavyopangwa. Mengi tunayoyajua leo juu ya njia ile katikati ya karne ya 19 yametoka kwenye ule ukaaji wake. Alikuwa amekwama, akakwama na kalamu mkononi.

Livingstone naye alingoja Kwihara. Stanley aliagana naye tarehe 14 Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia watu wa kumbebea mizigo. Watu hao walifika Agosti, na tarehe 25 Livingstone akaondoka. Miezi mitano ya kungoja, na yeye alikuwa amebakiza maisha ya miezi kumi na tatu tu, hakujua. Alisoma, aliandika barua, alipima, alitayarisha vyakula vya safari. Kisha akaenda kutafuta chanzo cha Mto Nile mahali ambako hakipo. Hilo nalo nalisema wazi, maana kuna watu wanaofikiri maisha yenye maana ni lazima yapate kile yalichokitafuta. Hakukipata.

Ndiyo maana nakuambia usiogope kukosea mwelekeo kiasi cha kukaa. Unaweza kuanzisha ufugaji wa kuku wakafa wote kwa mdondo. Umejifunza kuku. Unaweza kusoma kozi jioni ukagundua siyo yako. Sawa, sasa unajua. Lakini miaka minne ya "nasikilizia" inafundisha nini?

Tuje kwenye jambo la karibu zaidi. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Chama kilikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na rais wake, Julius Nyerere, alikuwa na miaka 35. Mji aliujua vizuri: alisoma Tabora School, na baada ya Makerere akafundisha St. Mary's hapahapa kuanzia 1946 hadi 1949. Mbele ya wajumbe kulikuwa na swali chungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena mpiga kura mwenyewe awe na kipato au elimu fulani. Ilikuwa dharau. Wajumbe wengi walitaka kugomea, na huwezi kuwalaumu. Kanuni safi ilikuwa upande wao.

Nyerere aliwageuza. Waingie hivyohivyo, na masharti yale mabovu, washinde, halafu wayavunje masharti wakiwa ndani. Watu walikasirika, Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, ANC. Lakini uamuzi ukapita, watu wakauita uamuzi wa busara, TANU ikaingia kwenye uchaguzi ule uliofanywa mwaka 1958 na mwanzoni mwa 1959 ikazoa viti. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Tangu Tabora hadi uhuru haikufika miaka minne. Fikiria kama wangesema, "Hatuingii mpaka sheria iwe ya haki." Pengine haki ingekuja tu, siku moja. Siku ipi?

Wewe nawe una kura tatu zako. Kuna jambo unataka kulifanya na masharti yake ni mabovu: mtaji ni nusu, chumba ni kidogo, mume hajaelewa, muda wenyewe ni saa moja baada ya kutoka kazini ukiwa umechoka. Ingia hivyohivyo. Masharti mazuri huwa yanakuja kwa waliokwisha kuwamo.

Wapagazi walikuwa na hali mbaya kuliko hizo, na walikuwa na dawa yake. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa ya shida na visima viko mbalimbali. Kuivuka kwa mwendo wa kawaida wa asubuhi hakukuwezekana. Basi msafara ulifanya terekeza: wananywa na kujaza maji mchana, wanatembea jioni, wanalala pakavu porini, na alfajiri wanasukuma tena mpaka wafike maji ya mbele. Hawakutembea hivyo kila siku, wangekufa. Terekeza ilikuwa ya nyika peke yake. Hapo kuna somo kwa hawa wanaotuhubiria tusilale, tujitume saa 24, mafanikio hayana usingizi. Upuuzi. Ukifanya terekeza mwaka mzima, utaanguka kabla ya kuvuka. Lakini ukifika kwenye Mgunda Mkali wako, miezi mitatu ya mtihani, mwezi wa kupanda, mwaka wa kumuuguza mama, hapo usiseme mwendo wangu mimi ni wa asubuhi tu.

Na mzigo mmoja. Mpagazi wa Kinyamwezi alijua uzito wake na aligomba ukizidishwa. Alikuwa tayari kuweka mzigo chini na kugoma mbele ya tajiri mwenye bunduki kuliko kubeba kisichobebeka. Sisi tunabeba mizigo saba na kuona aibu kukataa wa nane. Kamati za harusi tatu kwa mwezi, na kila kamati ina vikao vitano vya kujadili rangi ya vitambaa vya meza. Magroup ya WhatsApp arobaini. Mchongo wa Jumatatu, mchongo mwingine wa Jumatano. Kubeti mpira kila wikiendi, eti iko siku mkeka utatiki. Mtu anafika miaka 50 amechoka kweli kweli, jasho limemtoka kweli, ukimuuliza amebeba nini, hana jibu moja. Ujirani na undugu sivisemi vibaya. Msiba wa jirani ni wako, nenda ukachote maji, ukeshe. Ninasema kikao cha tano cha kamati unaweza kutuma mchango na kubaki nyumbani ukimfundisha mwanao kusoma.

Chagua, basi. Na kuchagua kunahitaji kuachia. Wale sita wa Kasekera walitupa mabua porini bila majuto, kwa sababu walijua robota la kweli liko wapi.

Utanijibu: mimi si Chuma, si Nyerere, mimi nina shamba la karanga Uyui na watoto wanne. Vizuri. Nenda kwa mfuga nyuki yeyote wa misitu ya miombo, Sikonge au Urambo, umwangalie kazi yake. Hawezi kuwaamrisha nyuki. Hawezi kuharakisha maua ya miti. Anachoweza ni kutengeneza mzinga wake wa gome, kuupandisha mtini kabla maua hayajachanua, na kurudi kwa wakati. Akiupandisha maua yameshaanguka, mzinga utakaa mtupu hata ukiwa mzuri namna gani. Kazi yenye maana ya watu wengi duniani iko hivyo: kulea mtoto, kusuluhisha ugomvi wa ndugu, kupanda miti, kumfundisha kijana ufundi unaoujua. Hazipigiwi makofi, na zina maua yake. Mtoto wa miaka saba anataka kukaa nawe leo. Akiwa na kumi na saba, utamtafuta wewe.

Kwa hiyo, kabla juma hili halijaisha, fanya mambo ya kushikika. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, misimu uliyobakiza hadi kufika 65. Chini yake andika mzigo mmoja wa kiangazi kijacho. Mmoja. Upe saa zako za alfajiri kabla hujampa mtu mwingine yeyote. Tafuta kikao kimoja cha kukacha na ugomvi mmoja wa kuumaliza.

Na kama una mzee Tabora, Nzega, Igunga, Kaliua, au popote ambako watu wa njia ile walitawanyika mpaka Ujiji na Bagamoyo, kuna kazi inayokungoja wewe peke yako. Tippu Tip, aliyepita Tabora akiwa na pembe na watumwa wake, alituachia kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili. Maelfu ya waliobeba pembe zile hawakuacha hata ukurasa. Habari zao zimebaki kwa wajukuu wa wajukuu, vipande vipande, na kila mwaka unatuzikia wazee kadhaa. Simu yako ina kinasa sauti. Nenda Jumamosi, peleka sukari na majani ya chai, kaa naye uani, bonyeza kitufe, kisha umwulize: babu yako alikuwa akibeba nini, akaenda mpaka wapi, na nani alibaki analima?